Mkono Niliowafundisha Watoto wa Bisil

Wangari, mama yangu,

Umeenda kusukwa nywele, na ninavyowajua wasusi wa hapa Kitengela hawatakuachilia kabla ya jua kushuka. Nyumba imetulia. Masanduku yako yako mlangoni, godoro limefungwa kamba, na mama yako amekwisha kukuambia yote ya maji ya kuchemsha, neti ya mbu na viatu vya matope. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninataka kukuandikia juu ya salamu.

Najua utasema Baba ameanza tena kufundisha. Nimefundisha maisha yangu yote, sasa siwezi kuandika hata ujumbe wa simu bila kueleza. Nivumilie kwa mara hii.

Uliporudi kutoka kuiona shule yako mpya ulitusimulia mezani, na ulikuwa na furaha ambayo sijaiona kwako tangu ulipomaliza chuo.

"Wanakuja wamepanga laini," ulisema, "vichwa chini, kila mmoja, kama watu wanatafuta shilingi imeanguka. Nikashindwa nifanye nini na hivyo vichwa. Nikawapa gota."

"Wote?" mama yako akauliza.

"Wote, Mami. Ngumi kwa ngumi. Wengine hawakuwa wanajua, nikawafundisha. Waliipenda hiyo kitu!"

Mama yako alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi niliinuka nikatoka nje kuangalia tangi la maji, ambalo halikuwa na shida yoyote. Nikiwa huko nilikusikia ukimwuliza, "Sasa mzee amekasirika nini?" Naye akakujibu, "Mwache. Ukitaja Bisil huyo huwa hivyo."

Ni kweli, huwa hivyo. Na kwa kuwa kesho unakwenda kufundisha karibu kabisa na shule niliyoongoza, watu wakiwa ni walewale na watoto wao, afadhali ulisikie jambo lenyewe kutoka kwangu kabla hujalisikia sokoni.

Ulikuwa darasa la kwanza nilipohamishwa kutoka Bisil. Tulikuambia kwamba wale watu hawakutaka Mkikuyu awe mwalimu mkuu wao. Yawezekana wengine hawakutaka. Lakini hata hao hawakuwahi kunitamkia neno baya, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Nilifukuzwa na watu walionisalimia vizuri kuliko nilivyowahi kusalimiwa mahali popote.

Nikueleze kwanza jinsi tunavyosalimiana sisi. Kwetu Murang'a mtu anakushika mkono, anaubana, anauliza kama u mzima, unajibu kwamba u mzima, halafu mnaingia katika shughuli. Tena sisi tuliohamia mjini tumeifupisha zaidi. Hapa Kitengela mtu wa kwetu akikuuliza habari ni kama anakupima kilo. Siku hizi unafanya wapi? Ulimaliza kujenga? Ile ploti ya Kajiado ulichukua hati? Tangu nistaafu nimekuwa nikitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho ili nisiulizwe ninafanya nini siku hizi. Mama yako anadhani ni mgongo unaniuma nikikaa sana.

Basi nilikwenda Bisil na salamu ya namna hiyo. Katika wiki ya kwanza nilijifunza kwamba mwanamume unamwambia "Sopa" naye anajibu "Ipa," na mwanamke unamwambia "Takwenya" naye anajibu "Iko." Nilikuwa nikiyatamka vizuri, wazee wakanisifu, nami nikaridhika kwamba nimeelewa. Nilikuwa nimejua maneno, basi.

Asubuhi yangu ya kwanza watoto walikuja kwangu vile walivyokuja kwako. Vichwa vilivyonyolewa, vimeinama, wanangoja. Mtoto wa Kimaasai humwinamia mkubwa, na mkubwa humwekea mkono utosini. Hapo mtoto amesalimiwa, anaweza kwenda kucheza. Mkubwa asipouweka, mtoto anabaki amesimama hajui aende wapi. Sikuambiwa hivyo siku ile, nami sikuuliza. Unajua nilichokiona? Nilimwona babu yako.

Hukumkuta babu yako. Alifanya kazi katika shamba la kahawa la watu, na kila nyapara alipopita alivua kofia akaishika kifuani, akainamisha kichwa mpaka yule mtu apite. Nilikuwa nikimpelekea uji pale shambani na nilikiona kile kichwa mara nyingi. Nilipopata cheti cha ualimu nilijiambia kwamba mtoto atakayepita mikononi mwangu hatamwinamia mtu. Kwa hiyo pale gwarideni nilisema kwa sauti, "Vichwa juu. Hapa hakuna mtumwa."

Naibu wangu alikuwa mwalimu wa hukohuko, Madam Sein, mwanamke mpole mwenye maneno machache. Alisema, "Mwalimu, hiyo ni heshima tu. Wanaiita enkanyit."

"Heshima iko machoni, Madam," nikamjibu. "Mtoto anitazame."

"Sawa, Mwalimu," akasema.

Ukumbuke hiyo "sawa." Nilizisikia nyingi sana mwaka ule, na kila moja niliipokea kama ilivyotamkwa.

Nikawafundisha. Simama wima, tazama mtu machoni, nyoosha mkono wa kulia, sema jina lako kwa sauti. Tulifanya mazoezi kila asubuhi baada ya wimbo wa taifa. Sitakudanganya, ilipendeza. Watoto waliokuwa wakinong'ona darasani walianza kujibu maswali. Aliyeshika upesi kuliko wote alikuwa msichana wa darasa la saba aitwaye Nashipai, aliyeishi na babu yake, Mzee Ole Parsaloi. Nashipai alikuwa wa kwanza katika hesabu na Kiingereza, na alinyoosha mkono kama mtu anayekuja kununua shule. Nilimfanya kiongozi wa mazoezi. Yeye ndiye aliyewainua vichwa wadogo waliosahau.

Siku ya wazazi ilipofika niliwapanga watoto njiani tangu langoni. Wazee wakaja na fimbo zao na mashuka yao, na wakiingia walikuwa tayari wamenyoosha mikono kwenda chini, kwa mazoea, kutafuta vichwa. Vichwa havikuwapo. Kulikuwa na safu ya viganja. Nilimwona mzee mmoja mkono wake ukisimama hewani, kisha akaurudisha ndani ya shuka. Mzee Ole Parsaloi alifika mbele ya Nashipai. Mtoto akamtazama machoni, akanyoosha mkono, akasema jina lake kwa Kiingereza kwa babu aliyempa jina hilo. Mzee akaushika mkono, akautazama, akauachilia. Mimi nikapiga makofi.

Nasema nikapiga makofi, mama, na wageni wakapiga pia, kwa adabu.

Baadaye Mzee akaja ofisini. Nilikuwa na mgeni kutoka ofisi ya elimu aliyetaka kuondoka mapema, kwa hiyo jicho langu moja lilikuwa mlangoni. Mzee alikaa. Akauliza kama niliamka mzima, nikasema nimeamka. Akauliza kama watoto wangu wako wazima, nikasema wazima. Akauliza kama ng'ombe wako wazima.

"Sina ng'ombe, Mzee," nikacheka. "Mimi ni mtu wa mshahara."

"Na ng'ombe wa mama yako huko kwenu?"

"Anaye mmoja. Mzima."

"Anatoa maziwa?"

"Anatoa, Mzee."

Mimi nikatazama saa. Akasema, "Mwalimu, kwenu mtoto anasalimia mzee namna gani?"

"Kwa mkono."

"Na ulipokuwa mdogo, baba yako alikuwa anakuwekea mkono wapi?"

Nilidhani ni maongezi ya kupitisha wakati. Nikamwambia baba yangu hakuwa mtu wa kushikashika watoto, nikasimama, nikamshukuru kwa kuja, nikampa mkono. Akaushika. Akasema shule ni nzuri, na mvua ikinyesha itakuwa nzuri zaidi. Akatoka polepole, nami nikamkimbilia mgeni wa ofisi.

Nimeirudia ile robo saa mara nyingi kuliko jambo lolote katika kazi yangu. Ule ulikuwa mkutano, Wangari. Mzee alikuwa ameleta lalamiko la wazazi wote, akaliweka mezani kwa namna ambayo ningeweza kulichukua bila kuaibika. Angeweza kusema "umewafundisha watoto wetu kutudharau," lakini hapo angekuwa amenitukana ndani ya ofisi yangu. Akaniuliza juu ya baba yangu. Ningekaa, ningemsimulia habari za babu yako na kofia yake, huenda tungeelewana. Yeye pia alikuwa na baba. Lakini nilikuwa nangoja amalize salamu ili aseme alichojia.

Baada ya hapo watoto wakaanza kupungua. Hakuna aliyekuja kuniambia anamtoa mtoto. Mmoja alikuwa amekwenda na mifugo, mwingine mgonjwa, mwingine amepelekwa kwa shangazi. Nilipokutana na wazazi siku ya soko la mifugo walinisalimia kwa mikono miwili, wakaniuliza za nyumbani, wakaniuliza hata juu ya yule ng'ombe mmoja wa mama yangu. Nilirudi kwenye nyumba ya walimu nikamwambia mama yako kwa simu, "Hawa watu wananipenda sana, tatizo ni ukame tu."

Kisha Nashipai akakosekana. Hilo lilinitoa ofisini. Nilikwenda bomani kwa Mzee Ole Parsaloi kwa miguu, jua kali, na maneno yangu nimeyapanga. Nilikaribishwa kwenye kigoda. Chai ikaletwa. Sikuingoja ipoe.

"Mzee, Nashipai ni mtoto wa kufika chuo kikuu. Kwa nini haji shule?"

"Mtoto ni mzima," akasema.

"Nimefurahi. Kwa nini haji?"

"Njia ulikuta ni nzuri? Hukukuta vumbi?"

"Mzee, nakuuliza juu ya mtoto."

Akanitazama kwa huruma, naweza kuapa ilikuwa huruma. "Mwalimu," akasema, "chai bado ni moto, na wewe umeshasimama."

Nilikuwa nimesimama kweli. Hapo Nashipai akatoka nyumbani, akaja mbele yetu, mbele ya babu yake na ndugu zake na wake za ndugu zake, akasimama wima, akanitazama machoni, akaninyooshea mkono, akasema jina lake. Vile nilivyomfundisha. Mzee akageuza uso akatazama zizi. Sikujua kama yule mtoto alikuwa ananiomba nimwokoe au ananionyesha kitu nilichokifanya. Niliushika ule mkono. Muda si mrefu alipelekwa Kimana, kwa shangazi yake, kwenye mashamba ya vitunguu. Hakurudi darasani, kwangu wala kwa mwalimu mwingine yeyote.

Uhamisho wangu ulikuja kabla ya mwaka kwisha. Kamati yote ya wazazi ilikuwa imekwenda ofisi ya elimu, kwa amani, na kusema kwamba mwalimu ni mtu mzuri lakini apewe shule nyingine. Nilimwendea Madam Sein.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ya kwanza."

"Uliniambia ni heshima! Hukuniambia watanifukuza!"

"Wazee walikuambia mwaka mzima," akasema. "Kila walipokuja."

"Waliniuliza habari za ng'ombe, Madam."

"Ndiyo," akasema. "Hiyo."

Wakanifanyia sherehe ya kuniaga. Wakanivisha shuka, wakanipa mbuzi. Mzee Ole Parsaloi alisema maneno mazuri kunihusu, na wote wakapiga makofi, na safari hii nikaelewa makofi yale yalikuwa ya namna gani. Wiki iliyofuata nilianza kazi Embulbul, ambako watoto ni wa kila kabila na asubuhi wanakupita mbio bila kukuona. Nilimaliza miaka yangu huko. Hakuna aliyeniinamia na hakuna aliyenitazama machoni, na mimi sikudai lolote.

Sasa utaniuliza kama nimejuta. Nimejuta, ila si kwa unyofu ambao ungependa kuuona kwa baba yako. Nina hasira nao hadi leo. Mtu akiona mwalimu anapotea njia mwaka mzima, amwambie unapotea. Nilikuwa mgeni kwao. Ningefokewa mara moja tu, ningelala na aibu yangu, kesho yake ningewaacha watoto wainamishe vichwa, na Nashipai angeketi kwenye dawati lake. Heshima yao ilinilinda mimi nisiaibike na ikamwacha mtoto alipe. Hilo siwezi kulimeza, hata nikiwa nimelieleza vizuri hivi.

Wala sijaacha kumwona babu yako na kofia yake. Nikiona mtoto ameinama bado kuna kitu ndani yangu kinakataa. Labda kitakataa kwako pia, umelelewa na mimi. Lakini nimekaa na jambo hili muda mrefu, na tofauti niliyoipata ni hii: yule nyapara alipita bila kumtazama babu yako. Hakumwekea mkono. Mzee wa Bisil hawezi kupita. Kichwa kikiletwa kwake, analazimika kusimama, hata akiwa na haraka, hata akiwa na hasira. Nilikiona kichwa, mkono sikuuona.

Nakuambia haya kwa sababu ya gota zako. Watoto walicheka, ndiyo. Wangu pia walicheka mazoezi yalipoanza. Wewe una moyo mzuri na mikono myepesi, utapendwa haraka, na utasalimiwa vizuri na kila mtu, na sitaki udhani kwamba hiyo ni dalili ya chochote. Mzazi akija ofisini akakuuliza habari za ng'ombe, usimwambie huna. Mwambie za ng'ombe wa nyanya yako, mwambie yule wa mwisho tulimwuza na nyanya yako akakataa kula siku hiyo. Keti. Mwache yeye ndiye aseme chai imepoa. Na akikuuliza swali linaloonekana halina maana, juu yangu au juu ya ulikozaliwa, ujue hapo ndipo alipofikia alichojia.

Kuna lililobaki, na nimelizungukia tangu nianze, kama wao.

Siku ileile ulipokuwa ukisimulia, baada ya mimi kurudi ndani, ulisema kulikuwa na mama mmoja langoni wa umri wa kati ya wako na wa mama yako, ana kibanda cha sukari na majani ya chai pale sokoni. Ulisema alikusalimia tofauti na wengine. "Anasimama hivi, Baba, straiti, anakutazama machoni, anakupa mkono, anakuambia jina lake kama mtu wa benki." Ulimwigiza vizuri. Ulisema wanawake wengine walikuwa wanamtazama na kunong'onezana. Ulisema alikuuliza kama wewe ni wa Mwalimu Njoroge, ukasema ndiyo, akasema, "Mwambie Nashipai amemsalimia."

Halafu ukaendelea na habari za nyumba ya walimu na choo chake.

Kwa hiyo amerudi kutoka Kimana, na ule mkono ameutunza mpaka leo, katikati ya watu ambao bado wananong'onezana juu yake. Kama ni fahari au ni kidonda, mimi sijui, na hapa ninakukataza usimwulize. Lakini ulisema jambo lingine ambalo wewe hukulipa uzito. Ulisema alikuwa na binti yake mdogo, wa darasa la kwanza, na yule mtoto alikuja kwako kichwa kimeinama. Nawe ukampa ngumi.

Kwa hiyo Nashipai mwenyewe hainami, ila amemfundisha mwanawe kuinama. Akamleta mpaka langoni, akamweka mbele ya mwalimu mpya, binti yangu, akasimama kando kuona utafanya nini.

Jumatatu huyo mtoto atakuja tena. Mwekee mkono. Sikuambii uamini, sikuambii uipende desturi, sikuambii hata uwe na raha nayo. Weka mkono, uuache pale kidogo, umwambie aende. Mama yake akiwa karibu, yeye mpe mkono kama anavyoupa, na umtazame machoni, kwa kuwa huko huenda hakuna mwingine anayemwitikia hivyo.

Atakuuliza kama ulinifikishia salamu zake. Sema ulinifikishia. Akikuuliza nimesema nini, sema Baba ni mzima. Zangu usimpelekee. Nikimtumia salamu atazipokea vizuri sana, atauliza za mgongo wangu, za mama yako, za mvua ya Kitengela, na wewe utaniletea majibu hayo yote mazuri hapa mezani, nami nitabaki nayo.

Baba yako,
Njoroge